Kengele Isiyo na Betri

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani, si mimi; mimi ningekuwa bado nakimbia. Alinunua kengele ya mlango kwenye mnada wa mitumba. Haikuwa na betri, wala hakuwa ameifunga ukutani. Ilikaa tu kabatini, na kila jioni ililia.

"Dada, hama," mdogo wake akamsihi.

"Nyumba nimeijenga kwa sindano, leo nihamishwe na kengele?"

Umeme ukakatika, kengele ikalia. Fundi akapaza sauti: "Kama umeshaingia, usikae bure. Nenda jikoni ukaoshe vyombo."

Huko gizani bomba likafunguliwa. Wakasikia sahani zikioshwa, zikipangwa moja moja. Nyumba ile ina sahani nne. Ya tano ikawekwa taratibu.