Pini Mbili Zinazolia Sawa

Kinakili, mashine ya kunakili vipuri, kiliimeza pini ya chuma bila sauti. Nyuma ya kioo, miali myembamba ya buluu ilipita juu yake, ikiisoma si kwa milimita bali kwa punje, maana kila chuma kimejengwa kwa punje ndogo zilizoshikana. Kisha, katika chumba cha pili cha mashine, unga wa chuma ulianza kunyesha kama manyunyu, ukayeyuka na kuganda, tabaka juu ya tabaka. Baada ya dakika arobaini zilitoka pini mbili. Hata mkwaruzo wa tupa uliokuwa ubavuni mwa ya kwanza ulionekana ubavuni mwa ya pili.

Fundi Zefania Kihwele alivaa miwani yake.

"Ipi ni yangu?"

"Ya kushoto ndiyo uliyokuja nayo, Mzee," alijibu Mhandisi Salvina Ng'ingo, msimamizi wa kituo cha vipuri cha jiji la Iringa. "Ya kulia ina umri wa dakika tatu."

Miaka hiyo magari mengi ya jiji yalijiendesha yenyewe. Yaliongozwa na barabara-hisi, barabara zilizopandwa mishipa chini ya lami, zikajua uzito na mwendo wa kila kilichopita juu yake. Lakini mishipa hiyo iliishia ukingoni mwa jiji. Kule chini Pawaga, ambako mto ulikuwa umekauka miaka kumi na miwili, hakuna gari-akili lililokubali kwenda. Vijiji vya huko vilikunywa maji yaliyopelekwa na lori moja la kizamani, lenye usukani na dereva, likivuta tela la tangi. Lori hilo lilikuwa chini ya uangalizi wa Fundi Zefania.

Viwanda vilivyotengeneza malori ya aina hiyo vilikwisha kufungwa. Fundi aliishi kwa kutafuta: springi kutoka kwenye gofu la basi, beringi kutoka kwenye mashine ya kusaga iliyokufa. Kisha sheria ikapitishwa kwamba chuma chochote cha breki au cha kuvutia tela kilichozidi miaka thelathini hakiruhusiwi kupita lango la jiji. Pini inayofunga tela kwenye lori ilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Haikuwa imelika sana. Ilikosa ujana tu.

"Mzee, nilikushauri uchukue nakala iliyosahihishwa," Salvina alisema. "Mashine inaondoa kasoro zote, inakupa kitu kama kilivyotoka kiwandani."

"Mama, bushi uliyonisahihishia mwezi wa tatu ilikaa wapi?"

Bushi ile haikuingia. Tundu la springi Fundi alilichonga kwa mkono wake miaka mingi nyuma, na mashine haikulijua. Lori lililala siku mbili, watu wa Pawaga wakachota maji ya dimbwi la ng'ombe, na watoto watatu wakazikwa.

"Gari la zamani ni kama wazee wa ndoa," Fundi alisema. "Kila mmoja amepinda kumfuata mwenzake. Ukimnyoosha mmoja, nyumba inavunjika. Mimi nakuletea sampuli, wewe nipe kama sampuli. Usiongeze, usipunguze."

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya mafundi tangu enzi za maduka ya vipuri: usiende dukani na maneno, nenda na kifaa chenyewe mkononi.

Nje, dereva Gaudensi Komba alikuwa ameegemea lori, akitafuna muwa. Alikuwa Mngoni, na Fundi alikuwa Mhehe. Kwa hiyo walikuwa watani, nao walikuwa hawajawahi kusalimiana kistaarabu kwa miaka ishirini na sita.

"Umechelewa, Mhehe. Nimehesabu mbwa wote waliopita hapa, nikaona mmoja amepungua. Umemla wewe?"

"Nilikuwa nakutafutia pini imara, wewe usiyejua kusimama. Babu zako walikimbia kutoka kusini mpaka Songea bila breki."

"Na hatukupata ajali!"

Fundi alizifunga pini zote mbili kwa kamba, akazining'iniza, akatoa nyundo ndogo mfukoni. Vipimo vya mashine alivisikia, lakini aliamini sikio. Chuma kina sauti yake, na fundi aliyesoma chuo cha jioni baada ya kutwa nzima chini ya magari alikuwa amefundishwa hivyo na mwalimu wake: gonga, usikilize.

"Unampigia nani hodi?" Komba aliuliza.

"Kaa kimya."

Aligonga ya zamani. Ikalia. Aligonga mpya. Ikalia. Akarudia, amefumba macho. Hapakuwa na tofauti hata kidogo. Uso wake ukachanua.

"Zinalia sawa!" alisema. "Mtani, nenda kawanyweshe watu."

Pini iliingia tunduni kama mguu kwenye kiatu chake. Fundi alipaka grisi, akafunga pia mnyororo wa akiba, ule unaolishika tela iwapo pini itashindwa. Langoni, mashine ya ukaguzi ilisoma cheti cha pini: umri, saa moja. Ikawaka taa ya kijani.

Siku ya tisa, kwenye kona ya nne ya mteremko wa Pawaga, pini ilikatika. Tela lenye lita elfu kumi na tano liliacha njia na kuelekea korongoni. Mnyororo haukukatika. Ulikuwa chuma kizima, ukafanya kazi yake: ulilishika lori, ukalivuta nalo mpaka chini, Komba akiwa kwenye usukani.

Salvina aliweka nusu ya pini iliyookotwa chini ya kioo cha kukuza, akamwita Fundi. Katikati ya chuma palikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, umezungukwa na punje zilizochoka. Akaiweka ile ya miaka arobaini na mmoja. Ufa uleule, mahali palepale.

"Mashine iliuona?" Fundi aliuliza.

"Iliuona, Mzee. Ndiyo maana ikaunakili."

"Mbona haikusema?"

"Sisi tulioijenga tuliifundisha kuiga. Kuonya hatukuifundisha." Salvina alisogeza mbele ya Fundi taarifa ya uchunguzi iliyokwisha kupitishwa na jiji. Ilikuwa na mstari mmoja wa hukumu: nakala haikuwa na kosa.

"Basi nitengenezee ile iliyosahihishwa," Fundi alisema.

"Ya nini sasa?"

"Nitengenezee."

Kabla ya kuzika, Wangoni humngoja mtani. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumtania maiti, kuigiza sauti yake, kuzuia jeneza lisitoke, ili waliofiwa wapate kucheka kidogo kabla ya kaburi. Uani kwa Komba watu walikuwa wamekaa kimya, wakitazama njia. Alipotokea Fundi Zefania na mfuko begani, minong'ono ya faraja ikapita.

Mjane, Mama Tekla, aliinua uso. "Afadhali umekuja, shemeji. Nyumba imenyamaza mno."

Fundi alisimama mbele ya jeneza.

"Mimi ndiye niliyemuua," alisema.

Uwanja mzima ukacheka. "Mhehe ameanza!" mtu alipaza sauti. "Mfungeni! Akamatwe na mbwa wake!" Hata Mama Tekla alitabasamu, machozi yakiwa mashavuni.

"Nasema kweli. Nimemuua."

Wakazidi kucheka. Mzee mmoja alijipiga paja. Fundi aliangalia huku na huku, kama mtu anayezungumza lugha ngeni. Kisha akapiga magoti, akafungua mfuko. Aliweka chini nusu ya pini iliyokatika. Akaining'iniza ile ya zamani kwa kamba, akaigonga.

Ilitoa mlio mfupi, mzito, kama kugonga gogo.

Akaining'iniza ya tatu, ile iliyosahihishwa, akaigonga. Mlio wake ulipanda juu ya uwanja, mwembamba na safi, ukaenda, ukaenda. Madereva waliokaa nyuma ndio walionyamaza kwanza. Kisha wengine. Fundi mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa; ilikuwa miaka mingi hajasikia chuma kizima, hata alikuwa amesahau kinavyolia. Gereji yake nzima ilikuwa ya vyuma vilivyochoka, na sikio lilizoea kidogo kidogo.

"Hii ningeipata siku ileile," alisema. "Mhandisi alinipa. Niliikataa."

Mama Tekla hakuwa akitabasamu tena. "Shemeji, wewe si hugonga kwanza? Baba Tekla alikuwa akikucheka kwa hilo. Hukuzisikia?"

"Nilizisikia, Mama Tekla. Zilifanana. Nikafurahi."

Hakuna aliyemwinua. Mama Tekla aliondoka kwenye mkeka, akaichukua nyundo mkononi mwake, akaigonga ile pini ya zamani, na akainama kusikiliza mpaka mlio uishe. Haukuchukua muda.