Zuwena na Ukuta wa Mifuniko

Fungueni masikio, yafungueni yote mawili!

Zuwena alikuwa mdogo kama kinu. Lakini mawazo yake! Yalijaa kichwani, yakamwagika mpaka uani.

Siku hiyo alitundika vitu ukutani. Mifuniko ya sufuria. Vijiko. Makopo yenye kokoto ndani.

"Ukuta wangu utaimba!" alisema Zuwena. "Lakini hauimbi peke yake. Unataka watu."

Gusa! Vuta!
Kong! Cheke-cheke! Ting!

Mgeni lazima atandikiwe, bwana! Zuwena akatandika mkeka mbele ya ukuta. Kisha akaita mtaa mzima.

Wageni wakaja. Wakavua viatu. Wakakaa mkekani, wakanyoosha miguu.

Wakautazama ukuta. Kimyaaa! Hata kuku aliacha kudonoa.

"Karibuni mguse!" alisema Zuwena.

"Tumeshakaribia, mjukuu wangu," alisema jirani, Bi Mwanahawa. "Ukuta umependeza. Chai iko wapi?"

"Si wa kutazama, bibi! Ni wa kuvuta!"

"Aka! Vitu vya watu havichezewi," alisema Mjomba Shaibu. "Na mimi nikishakaa sinyanyuki, hata aje simba!"

Machozi yakabisha hodi machoni kwa Zuwena. Je, ukuta wake utabaki bubu?

Akainamisha kichwa. Akaona nini? Vidole gumba vya miguu! Cha Mjomba kilikuwa kikubwa kama kiazi. Vyote vimeuelekea ukuta!

Mbio, mbio, mbio! Zuwena akaleta kamba ndefu. Akafunga ncha moja kwenye mfuniko. Ncha ya pili akaifunga kwenye kidole cha Bi Mwanahawa.

"We mtoto! Unanifunga kama mbuzi?"

"Tikisa, bibi! Tikisa!"

Bibi akatikisa kidogo tu.

KONG!

"Yalaa!" Bibi akacheka. Akatikisa tena. KONG!

"Na mimi! Na mimi!" akalia Mjomba Shaibu. "Nifunge miguu yote miwili!"

Zuwena akafunga huku, akafunga kule. Miguu yote ikacheza.

Tikisa! Vuta!
Kong! Cheke-cheke! Ting!

Kelele hizo zilishusha mawingu, yakaja kuchungulia. Anayebisha akawaulize kunguru!

Jua likazama. "Jamani, niwafungue?" aliuliza Zuwena.

"Thubutu!" wakajibu wote. "Bado tunaimba!"

Zuwena akajilaza katikati yao. Akapiga miayo. Haaaa...

"Sss! Mwenye ukuta anasinzia," alinong'ona Mjomba.

Bi Mwanahawa akatafuta kamba ya kijiko kidogo kuliko vyote. Akaivuta kwa kidole chake, polepole.

Ting... ting...

Zuwena akatabasamu, akalala fofofo.

Ting.