Yaretzi na Karatasi ya Mwenye Nyumba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yaretzi alivaa nguo kwa mpangilio uleule: soksi mbili kila mguu, suruali juu ya suruali, sweta la marehemu babu yake, kisha koti zito walilopewa na kanisa. Bibi Eulalia alisimama mlangoni akimkagua kama askari wa mpakani. Akisharidhika, alimchorea ishara ya msalaba kwenye paji la uso.

"Mungu akutangulie," alisema. "Na ufunge hiyo shingo."

Yaretzi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na familia yake walikuwa wametoka Weslaco, mji wa joto kusini kabisa mwa Texas, ambako baba yake alichuma machungwa mpaka shamba lilipouzwa. Mwezi wa Novemba walihamia Saint Cloud, huko Minnesota, kwa sababu Baba na Mama walipata kazi katika kiwanda cha kuku. Kule Weslaco watu walisema Kihispania dukani, kanisani na hata kwenye zahanati. Huku kila barua ilikuja kwa Kiingereza, na nyumbani ni Yaretzi peke yake aliyekijua, kwa kuwa alisomeshwa kwa lugha hiyo.

"Wakili wetu!" Baba alimwita kila barua ilipofika. "Njoo utuambie wanataka nini."

Yaretzi alilipenda jina hilo. Shuleni alikuwa mgeni asiyejua hata kuteleza kwenye barafu. Nyumbani alikuwa wakili.

Mwanzoni mwa Januari, mwenye nyumba wao, Bwana Halvorsen, aliwaletea karatasi ndefu yenye maandishi madogo. Alisimama kwenye zulia la mlangoni akipangusa theluji kwenye viatu, akasubiri. Baba alimpa Yaretzi ile karatasi.

"Haya, wakili. Inasemaje?"

Yaretzi aliisoma mistari ya kwanza. Ilihusu siku za kutoa takataka. Chini yake kulikuwa na maneno marefu ambayo hakuwahi kuyaona popote. Aliyarudia mara mbili, hayakumpa maana yoyote. Alipoinua macho, aliona wote wanamtazama: Baba, Mama, Bibi, hata mdogo wake Nahúm wa miaka miwili aliyekuwa anatafuna kijiko.

"Inasema habari za takataka," alisema.

"Ukurasa mzima?" Bibi aliuliza. "Hawa watu wanaiheshimu takataka kuliko sisi tunavyomheshimu askofu!"

Wote walicheka. Baba alitia sahihi chini ya karatasi. Bwana Halvorsen aliuliza kama wana swali lolote, na Yaretzi akatikisa kichwa. Kisha aliikunja nakala yao na kuitia kwenye mfuko wa begi lake, mahali asipoweza kuiona.

Wiki iliyofuata baridi ilizidi. Ndani ya kabati lililokuwa karibu na mlango kulikuwa na mashine ya kupasha nyumba joto, na kando yake, ukutani, palikuwa na tundu kubwa kama mdomo wa ndoo. Hewa ya nje iliingia humo ikivuma.

"Ni mtu gani mwenye akili timamu anayetoboa nyumba katika baridi kama hii?" Bibi alifoka, akimgeukia Baba. "Gildardo! Baridi hii itatuua!"

Baba alichukua blanketi lao zito lenye picha ya simbamarara, lile walilolileta kutoka Weslaco, akalikunja na kulisokomeza ndani ya tundu mpaka hewa ikakatika. Nyumba ikapata joto. Bibi alilipiga blanketi kofi la shukrani mgongoni kama mnyama halisi. Yaretzi aliona yote hayo. Moyoni alisikia kitu kinamkuna, kwamba pengine karatasi ilisema jambo kuhusu tundu, lakini hakukifuata.

Kisha likaja suala la king'ora cha darini, kile kifaa kidogo cha kuonya kukiwa na hatari hewani. Kila Bibi alipokaanga pilipili kavu kwenye kikaango cha chuma, moshi ulipanda na king'ora kikalia kiasi cha kumfanya Nahúm azibe masikio. Mara ya tatu, Yaretzi alipanda juu ya kiti, akatoa betri na kuitia kwenye droo ya vijiko.

"Mikono yako ibarikiwe," Bibi alisema.

Baada ya siku chache, watu wote nyumbani walianza kuumwa kichwa. Mama alisema ni uchovu wa kiwandani. Baba alisema ni mafua. Bibi alisema ni hewa baridi iliyoingia mwilini watu walipotoka jikoni na kwenda nje kabla ya kupoa, na jioni aliwapaka mafuta ya kafuri, akasali rozari na kuzidi kufunga madirisha. Yaretzi naye alifika shuleni kichwa kikimgonga kila siku. La ajabu ni kwamba, ilipofika saa ya chakula cha mchana, kilikuwa kimepona.

Tarehe mosi Februari, walimu walitangaza kwamba shule itafungwa saa sita mchana, kwa sababu baridi ilikuwa inashuka kufikia nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Yaretzi aliondoka na rafiki yake Hodan, msichana Msomali aliyekaa mkabala na nyumba yao. Walitembea haraka, skafu zimewafunika pua.

"Bibi anapika tamale sitini, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya maganda yake," Yaretzi alisema. "Kesho ni sikukuu ya Bikira Maria wa Kandelaria. Siku ya Wafalme Watatu, mwezi uliopita, kanisani nilipata kidoli ndani ya kipande changu cha mkate. Ukikipata hicho, ni lazima familia yako ilishe watu tamale siku ya Kandelaria."

"Si ungekimeza tu?"

"Wapo wanaofanya hivyo!"

Hodan alicheka, kisha akamtazama. "Kichwa chako vipi? Asubuhi ulikilaza mezani tena."

"Kimepona. Sote nyumbani tunaumwa, hata Nahúm. Leo alfajiri alitapika. Ni hewa baridi tu."

Hodan alisimama. "Wote? Na ukitoka nje unapona?"

"Ndiyo."

"Yaretzi, mwenye nyumba hakuwapa karatasi? Sisi tulipewa. Inasemaje yenu?"

"Habari za ta…" Yaretzi alianza, akakatisha. Alivua glovu, akachimba kwenye begi, akaitoa. "Sehemu ya chini sikuielewa," alisema kwa sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu.

Hodan aliipitishia kidole. "Hili neno hata mimi sikulijua. Nilimwuliza mwalimu. Ni gesi ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Inatoka kwenye mashine ya joto ikikosa hewa. Hapa wanasema msizibe tundu lililo kando ya mashine. Na hapa…" Aliteremsha kidole. "Msitoe betri ya king'ora. Dalili ni kuumwa kichwa, kutapika na kusinzia."

Yaretzi aliangalia upande wa nyumbani. "Tumeziba. Na betri niliitoa mimi."

"Nani yuko nyumbani?"

"Bibi na Nahúm."

"Kimbia! Mimi napiga simu zimamoto. Kimbia!"

Alikimbia. Theluji ilimtelezesha mara mbili, akaanguka, akainuka. Njia nzima alisali maneno mawili tu: "Bwana, subiri. Bwana, subiri."

Alifungua mlango na kuuacha wazi. Joto zito lenye harufu ya pilipili na mahindi lilimpiga usoni. Sufuria kubwa ilikuwa inatoa mvuke. Bibi alikuwa ameketi mezani, maganda ya mahindi mkononi, kichwa kimeinama. Nahúm alikuwa amelala sakafuni chini ya meza, mashavu mekundu kama ya mwanasesere.

"Bibi! Amka! Tutoke nje!"

Bibi Eulalia alifumbua macho polepole. "Funga mlango, mtoto. Baridi inaingia."

"Kuna sumu humu ndani, Bibi. Twende!" Yaretzi alizima jiko, akamvuta Nahúm na kumpakata. Kichwa cha mtoto kililala begani kwake kama gunia tupu.

"Nje? Nimekaa motoni tangu asubuhi!" Bibi alishika ukingo wa meza kwa nguvu zilizobaki. "Mwili ukiwa moto hauingii kwenye baridi. Unataka kutuua? Mtoto huyo mrudishe hapo. Kichwa kinaniuma tu. Nilale kidogo."

"Ukilala hutaamka!"

"Nani amekwambia?"

Yaretzi aliona kwamba Bibi hatatoka. Maisha yake yote Bibi aliamini kwamba baridi ndiyo adui, na joto ndilo salama. Hakukuwa na neno la kumwinua isipokuwa lile ambalo Yaretzi alikuwa amelificha mwezi mzima.

"Karatasi ndiyo imeniambia," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilidanganya, Bibi. Haikuwa takataka tu. Ilisema tusizibe tundu. Ilisema tusitoe betri. Sikuyajua yale maneno, nikaona aibu kusema sijui. Nisamehe, Bibi, lakini nyanyuka. Nakuomba kwa jina la Mama Maria, nyanyuka!"

Bibi aliweka maganda mezani na kuinyoosha mikono yake.

"Nishike," alisema.

Yaretzi alimbeba Nahúm upande mmoja na kumwegemeza Bibi upande wa pili. Walipopita kwenye kabati, alinyoosha mkono na kulivuta blanketi kwa nguvu zake zote. Hewa ikaingia ikivuma. Wakatoka nje kwenye mwanga mkali wa theluji, Bibi akiwa amefunikwa simbamarara mabegani, miguu ikimlegea. Hodan na mama yake, Bi Sahra, walikuwa wanavuka barabara mbio. Bi Sahra hakujua Kihispania, na Bibi hakujua Kisomali. Bi Sahra alimshika tu kiuno, akamwingiza nyumbani kwake, akiita "Ya Allah, ya Allah," huku Bibi akijibu "Bwana asifiwe."

Magari ya zimamoto yalifika. Mwanamke mmoja mwenye kofia nyekundu aliingia nyumbani kwa akina Yaretzi na kifaa cha kupima hewa mkononi, na alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Alivuka hadi kwa Bi Sahra, akachuchumaa mbele ya Yaretzi, akaanza kueleza haraka haraka. Bibi, aliyekuwa amevalishwa kinyago cha hewa, alimgeukia mjukuu wake. Watu wote walikuwa wanamtazama tena.

Yaretzi alivuta pumzi. "Sijui neno hilo la mwisho," alimwambia yule mwanamke wa zimamoto. "Tafadhali lirudie kwa maneno mepesi."

Yule mwanamke alitabasamu, akalirudia polepole. Alisema wangekaa ndani humo saa moja zaidi, wazima moto wangetoa maiti. Yaretzi alimtafsiria Bibi bila kupunguza kitu.

Bibi na Nahúm walipelekwa hospitali, wakaruhusiwa jioni ile. Nahúm alikuwa ameshaanza kudai kijiko chake. Nyumbani kwa Bi Sahra, Yaretzi alisimama mbele ya wazazi wake waliokuwa bado wamevaa mabuti ya kiwandani, akaeleza kila kitu. Alingoja kupigiwa kelele. Mama alilia. Baba alivua kofia yake.

"Nilitia sahihi kitu nisichokielewa," alisema. "Nilimpa mtoto kazi ya mtu mzima, na cheo cha kuchekesha juu yake. Kosa si lako peke yako, binti yangu. Lakini umedanganya, na ungetuzikisha watu wawili. Hilo usilisahau."

"Sitasahau, Baba."

Bibi Eulalia alimwita aketi karibu naye. "Nisikilize," alisema. "Kutojua hakumwaibishi mtu. Mimi nimefika miaka sabini na moja, na leo nimefundishwa kwamba baridi inaweza kumwokoa mtu. Ukisema 'sijui', Mungu atakuletea anayejua, kama alivyokuletea huyu Hodan. Ukijifanya unajua, hata malaika wako atakaa pembeni akingoja umalize kuongea."

Kesho yake walipika tamale upya kwa Bi Sahra, kwa mafuta ya alizeti badala ya ya nguruwe, ili wenyeji wao nao waweze kula. Bibi alipokaanga pilipili, king'ora cha pale kikalia. Wote waligeuka kumtazama Yaretzi. Alikwenda dirishani akalifungua, na baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri ikaingia. Bibi alijivutia blanketi lake la simbamarara, akanung'unika kidogo, akaendelea kukaanga.

Baada ya wiki moja Bwana Halvorsen alileta king'ora kipya na karatasi nyingine. Aliipangusa theluji mabutini, akasubiri. Baba alivuta kiti karibu na Yaretzi, nao wakasoma pamoja, kidole cha Yaretzi kikifuata mstari baada ya mstari. Kwenye mstari wa nne kidole kilisimama.

"Hapa sijui, Baba."

"Vizuri," Baba alisema, akainuka. "Basi mwulize. Na mwambie avue koti, aketi. Leo hatuna haraka."