Chumba cha Roshani

Ukumbi wa stesheni ulikuwa umefurika watu wanaowahi kazini, na katikati ya miguu yao alikuwepo mwanamke aliyepiga magoti akipima sakafu. Alivaa suruali ya kaki yenye mifuko mingi, blauzi ya manjano na viatu vizito vya kazi. Tepu yake ya kupimia ilikatiza ukumbi kutoka nguzo hadi nguzo. Wengine waliiruka, wengine waliikanyaga, mzee mmoja aliisonya. Mwanamume wa shati jeupe lililonyooshwa vizuri hakuiona kabisa. Alijikwaa, akapepesuka, akamgonga mwanamke yule begani, na miwani ya mwanamke ikaruka ikatua chini ya kisigino cha mwanamume.

"Umenikanyagia macho!"

"Samahani, dada. Samahani sana. Sikuona tepu."

"Mimi ndiye nisiyeona sasa hivi. Wewe una kisingizio gani?"

Mwanamume aliokota vipande, akavipuliza vumbi, akaviinua kwenye mwanga. "Lensi zimepona. Fremu ndiyo imekufa. Bahati yako, mimi ni fundi miwani."

"Kumbe!" Mwanamke alisimama, akajipangusa magoti. "Ndivyo unavyotafuta wateja? Unakuja stesheni kukanyaga watu?"

"Biashara ikiwa ngumu, ndiyo."

Mwanamke alicheka hata kabla hajaamua kumsamehe. Kwa kuwa bila miwani hakuweza kutofautisha mtu na nguzo, ilibidi amshike fundi mkono wa shati ili apelekwe dukani. Alimshika kwa ncha za vidole tu. Fundi alitembea taratibu kuliko ilivyohitajika, maana muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu amshike kwa sababu yoyote.

Duka lilikuwa dogo, lenye kioo mbele na meza iliyoelekea barabarani. Mtaani walimwita Bwana Macho. Alimwekea fremu mpya, akamvalisha mwenyewe, na kitu cha kwanza mwanamke alichokiona sawasawa kilikuwa uso wa fundi, kwa karibu sana. Cha pili kilikuwa nyumba iliyokuwa ng'ambo ya barabara.

"Nyumba ya nani ile?"

"Yangu. Alijenga babu yake babu yangu."

"Naishi peke yangu humo," aliongeza fundi, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Mama alifariki, dada yangu aliolewa mbali. Na paa linavuja."

Mwanamke alikuwa ameshatoka nje. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, kuta nene, madirisha ya mbao yenye vibao vya kulala, na roshani ndefu ya nguzo nyembamba iliyotazama barabara. Ingekuwa nzuri kabisa, ila kwenye pembe ya roshani mtu alikuwa amebandika kichumba cha matofali ya saruji, kimepinda upande, hakijapakwa hata rangi.

"Mungu wangu! Nani kaifanyia nyumba hii unyama ule?"

"Fundi mmoja," alisema Bwana Macho. "Hakuwa anajua kazi."

Mwanamke alicheka, naye akacheka. Hapo ndipo fundi alipojichongea.

Mwanamke yule alitumwa na Idara ya Urithi. Mkoa ulikuwa umeamua kwamba kila mji uokoe majengo yake makongwe kabla hayajageuzwa maegesho ya magari, na kazi yake ilikuwa kwenda mji hadi mji akiyapima na kuyachora. Nyumba iliyochaguliwa ilitengenezwa kwa gharama ya mkoa, paa na kila kitu, kwa sharti moja: irudishwe ilivyojengwa. Aliishi kwenye nyumba za wageni. Nguo zake zilijua sanduku kuliko kabati. Mama yake alipompigia simu, swali la kwanza lilikuwa yuko wapi safari hii, na la pili hakulimaliza, kwa sababu binti alikuwa ameshasema mtandao unasumbua.

Basi Bwana Macho akawa mshika tepu. Duka likifungwa alasiri, walipanda ngazi, yeye anashika ncha moja na Mpimaji anashika nyingine, chumba kwa chumba, wakiitana nambari kupitia kuta.

"Mita nne na sabini!"

"Soma vizuri, Macho!"

"Nne na sabini na mbili! Mbili ni ya kukuridhisha wewe!"

"Hizo mbili ukinidanganya nyumba itaanguka kwenye karatasi!"

Nyumba ile ilikuwa imezoea kusikia redio na kikohozi cha mtu mmoja. Sasa ilijaa kicheko. Mpimaji akirudi kwenye nyumba ya wageni, simu ilimfuata.

"Umekula, mpenzi?"

"Nani kakuruhusu kuniita mpenzi?"

"Basi umekula, Bi Mpimaji wa Mkoa?"

"Lile la kwanza lilikuwa zuri zaidi. Rudia."

Siku ya kupima roshani, Mpimaji alibaki nje na ubao wake wa kuchorea. "Kile kichumba pima wewe. Nikiingia nitalia."

"Kuna vitu vimejaa," alisema fundi, akajipenyeza ndani akaurudisha mlango nyuma yake. Kisha sauti yake ikatoka. "Dirisha, kutoka sakafuni. Sentimita arobaini na tano."

"Arobaini na tano? Dirisha la paka hilo! Huyo fundi wako alikuwa amelewa?"

Alimsikia akicheka kule ndani. Kicheko kilichelewa kidogo, lakini Mpimaji alikuwa anaandika.

Usiku wa kuamkia maonyesho, fundi alimwambia kwenye simu, "Kesho, baada ya michoro kuonyeshwa, nina jambo la kukwambia." Mpimaji hakupata usingizi. Mwanamke wa umri wake anajua mwanamume akisema ana jambo ni jambo gani.

Michoro ilitundikwa kwenye ukumbi wa halmashauri. Watu walijaa, kila mtu akitafuta nyumba yake, na mama mmoja akilalamika kwamba yake imechorwa nyembamba. Mpimaji alivaa gauni la bluu, na hereni ambazo zilikuwa hazijatoka sandukuni mwaka mzima. Alimwona Bwana Macho akiingia na shati lake jeupe, akisogea hadi kwenye mchoro wa nyumba yake. Ulikuwa mchoro bora kuliko yote, kwa sababu ulichorwa na mtu anayependa. Roshani ilikwenda moja kwa moja, nguzo zote zimehesabika, na pale pembeni palikuwa peupe. Kichumba kilikuwa kimebaki vinukta tu, na pembeni maneno mawili: *cha kubomolewa*.

Alisimama pale muda mrefu. Kisha akageuka akaondoka, akampita Mpimaji kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Mpimaji alimpigia simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena, halafu akajikaza kisabuni akaacha. Kwake maana ilikuwa wazi: lile jambo lilimwogopesha mwenyewe, akalikimbia. Aliuvua ule uzuri wote, akakunja gauni la bluu, na wiki ile ile akapelekwa mji mwingine.

Fundi naye alipigiwa na dada yake.

"Mdogo wangu, nasikia umekataa kutia sahihi. Mkoa unakutengenezea paa bure na wewe unakataa!"

"Wanataka kubomoa chumba cha Mama."

"Mama hayumo mle."

"Najua hayumo, dada. Ningekuwa naye ningejali tofali?"

Dada alishusha pumzi. "Na yule binti? Ulimwambia kile chumba ni cha nini?"

"Mtu anayepima nyumba za watu angejua."

"Angejuaje, wewe mwanamume? Si ulicheka naye!"

Mvua ilinyesha akaweka ndoo, ndoo ikajaa akaimwaga. Alifungua duka, akafunga duka. Mteja akimwuliza habari, alisema nzuri.

Mji mwingine ulikuwa na ghala la zamani la kupima na chumba cha wageni chenye dirisha juu karibu na dari. Mpimaji alipima ghala peke yake, ncha ya tepu ameifunga kwenye msumari. Msumari hausomi nambari wala hautanii. Siku ya nne homa ikamwangusha.

Alilala. Alichokuwa anakiona ni ukuta, na juu ya ukuta kipande cha mbingu. Alisikia barabara yote: muuza mitumba akinadi, baiskeli, watu wakigombana kisha wakicheka, na hakuweza kuona hata mmoja wao. Kuketi kulimzungusha kichwa. Aligeuka huku, akageuka kule, akatamani mtu angelishusha lile dirisha hadi usawa wa kitanda ili na yeye awe miongoni mwa watu.

Hadi usawa wa kitanda.

Alifumbua macho. Sentimita arobaini na tano. Akanyoosha mkono, akapima kwa shubiri kutoka sakafuni hadi kwenye godoro alilolalia, akabaki mdomo wazi. Kumbe dirisha lile halikuwekwa vibaya. Liliwekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuinuka. Na lilitazama barabara, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka lenye meza mbele. Alilia, na safari hii haikuwa homa.

Alipopata nguvu alimpigia mkuu wake.

"Kile chumba cha roshani kibaki, mkuu. Tubadilishe mchoro."

"Kile kisanduku cha saruji? Kina umri gani?"

"Kwa saruji yake, kama miaka minane."

"Mwanangu," alisema mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, "sisi tunahifadhi historia."

"Hiyo nayo ni historia."

"Bado mbichi. Na mwenye nyumba amegoma kutia sahihi, fedha zimeshahamia kwa nyumba nyingine. Pona kwanza."

Hakusubiri kupona. Alishuka stesheni akiwa na ile blauzi ya manjano, amekonda, akavuka ukumbi alioupima, akaingia dukani. Bwana Macho aliinua kichwa. Kibisibisi alichoshika kilianguka mezani, na hakukiokota.

"Mama yako alikuwa anaumwa nini?" aliuliza Mpimaji.

"Miguu," alijibu fundi. " Baadaye mgongo. Mwishoni hakuweza hata kuketi. Chumbani kwake kulikuwa nyuma, anatazama ukuta mchana kutwa. Mimi niko huku dukani."

"Na yule fundi aliyelewa ni wewe."

"Sikulewa. Nilikuwa naharakisha."

Mpimaji alishika ukingo wa meza. "Kwa nini ulicheka siku ile, Macho? Ungeninyamazisha tu."

"Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu aondoke. Sikutaka kukikatiza." Alimtazama. "Halafu nikaona umemfuta, nikasahau kwamba mimi ndiye niliyekusaidia kufuta."

"Nisamehe."

"Na wewe nisamehe. Zile simu zote niliziona."

Mpimaji alimweleza yote: ofisi imekataa, fedha zimekwenda, paa hakuna. Kisha akatoa tepu kwenye mfuko wa suruali. "Twende tukakipime."

"Unapima kwa ajili ya nani sasa?"

"Kwangu. Nyumba niliyoichora si hii. Nataka kuichora ile yenyewe."

Safari hii aliingia. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja kimetandikwa shuka safi, kiti, na dirisha. Manyunyu yalikuwa yanaanza nje. Walipima ukuta uliopinda bila kuucheka, fundi akisoma, Mpimaji akiandika. Walipofika dirishani Mpimaji aliishiwa nguvu, homa ilikuwa bado mwilini.

"Lala," alisema fundi. "Shuka ni safi. Nimeacha duka wazi, nakwenda kulifunga."

Alishuka, akavuka barabara. Alitaka kufunga, lakini miguu ilimpeleka kwenye kiti chake nyuma ya meza, mahali alipokuwa anaketi wakati mama yake yuko dirishani. Tangu mazishi alikuwa amejizoeza kutoinua macho kutoka pale. Sasa aliyainua.

Kwenye lile dirisha la usawa wa kitanda, mkono ulikuwa umeinuliwa.

Alichukua simu akampigia.

"Unaniona?"

"Nakuona vizuri sana," ilijibu sauti yake. "Umekunja mkono mmoja wa shati, wa pili umesahau."

"Lile jambo nililotaka kukwambia."

"Niambie."

"Nataka kukuoa. Najua kazi yako ni ya kuzunguka, najua Jumatatu utaondoka. Ondoka tu. Mimi nataka niwe na mtu wa kumngoja."

Mkono ukatoweka dirishani. Fundi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Halo? Upo?"

"Nipo. Kuna tone linanidondokea usoni, nimejisogeza." Sauti yake ilikuwa imelowa, na haikuwa tone peke yake. "Jumatatu nitaondoka kweli, Macho. Na nikirudi nitaondoka tena. Utaweza?"

"Nimeweza hii miaka bila kumngoja yeyote."

"Basi ndiyo," alisema. "Lakini paa kwanza, mpenzi. Paa kwanza."

Mpimaji alikata simu, na fundi akatoka akasimama mlangoni, yake bado iko sikioni. Mteja mmoja aliyekuwa anakimbia manyunyu alimwuliza kama duka liko wazi. Hakumsikia. Alikuwa ameinua mkono wake juu, na kule ng'ambo ya barabara mkono mwingine ulikuwa umerudi dirishani.