Mkalimani wa Baba

Kila Jumamosi asubuhi Delfina Arruda alikuwa na kazi ambayo hakuna msichana mwingine wa darasa lake aliyekuwa nayo. Wenzake walipokuwa bado wamejikunyata kwenye mablanketi, yeye alikuwa ameshavaa koti na viatu vya mvua, akimsubiri baba yake amalize kahawa. Baba yake, Urbano, alishona mapazia kiwandani siku tano za wiki, na siku ya sita alizunguka mjini akitafuta nyumba ya kununua. Kiingereza chake kilitosha kununua mkate na kumsalimu msimamizi, basi. Delfina alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na yeye ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya baba yake.

Sisi tuliotoka visiwa vya Azori, vya Ureno, tukaja hapa Fall River, Marekani, tuna ugonjwa mmoja, nao ni nyumba. Mtu atakula supu ya sukuma wiki mwaka mzima na atavaa koti lililotiwa viraka, mradi siku moja apate nyumba ya mbao ya orofa tatu. Orofa moja ataishi na watoto wake, mbili atazipangisha, na kodi ya wapangaji italipa deni la benki. Urbano alikuwa ameugua ugonjwa huo tangu Delfina hajazaliwa.

Njiani alikuwa hachoki kufundisha.

"Usiitazame rangi, mwanangu. Rangi ni poda tu. Tazama paa, tazama msingi, kisha mtazame mpangaji usoni. Na kodi ikiingia, usidhani yote ni yako. Kidogo ni ya paa, kidogo ni ya boila inayopasha nyumba joto, kidogo ni ya ule mwezi ambao nyumba itakaa tupu."

"Na yangu ni ipi, Baba?"

"Yako wewe ni kutafsiri, tena funga vifungo vya koti."

Jumamosi hiyo ya mwezi wa Machi walipanda mtaa wa kilimani wenye mwinuko mkali hadi kwenye nyumba ya mzee mmoja aitwaye Kershaw. Alikuwa mjane, magoti yamemchoka, na alitaka kwenda kuishi kwa binti yake. Orofa ya chini alikaa Bibi Idalina, mama mtu mzima wa kwetu Azori. Orofa ya pili walikaa vijana wawili mume na mke. Ya tatu alikaa yeye mwenyewe, nayo ilikuwa karibu tupu.

Huko juu ndiko Delfina alikokiona chumba. Kilikuwa kidogo, dari yake imeinama upande mmoja, na dirisha lake lilitazama mtoni. Nyumbani alilala kitanda kimoja na mdogo wake Odília, ambaye usiku alipiga mateke kama punda aliyefungwa. Delfina aliweka kiganja ukutani, na moyoni mwake akawa ameshahamia.

Kisha wakashuka hadi chumba cha chini ya ardhi. Kilinuka chokaa mbichi, na tangi la kuchemshia maji lilikuwa limepandishwa juu ya matofali. Urbano alikunja uso.

"Muulize kama maji huingia humu."

Delfina akauliza. Mzee Kershaw alijikuna shingo, kisha akajibu bila kuzungukazunguka.

"Kusema kweli, huingia. Theluji ikiyeyuka na mvua ikapiga, mlima wote hushukia humu. Mwaka jana boila ilizama, wapangaji wakakaa na baridi. Hii chokaa nimepaka pawe pasafi, lakini chokaa haizuii maji. Ndiyo maana nimepunguza bei. Mwambie baba yako asije akasema sikumwambia."

Delfina alimtazama baba yake. Alijua kuwa akiyasema hayo, baba atavaa kofia yake, atashukuru na kuondoka, kama alivyoziacha nyumba nyingine zote. Alikiona kile chumba cha juu kikichukuliwa na mtu mwingine.

"Anasema hakuingii maji," alisema. "Bei ni ndogo kwa sababu amechoka kupanda ngazi."

Urbano aliachia pumzi, akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza msimu mzima Delfina kumwona akitabasamu ndani ya nyumba ya kuuzwa. Wakapeana mikono na Mzee Kershaw, na wakakubaliana kutia sahihi Ijumaa.

Wanaume hao wawili walitoka nje kutazama paa. Delfina alipotaka kuwafuata, mlango wa orofa ya chini ulifunguka, na Bibi Idalina akamshika mkono.

"Wewe binti," alisema kwa Kireno, sauti ya chini. "Mimi Kiingereza nakisikia, na Kireno nimezaliwa nacho. Nilikuwa hapa ngazini."

Delfina akahisi masikio yake yanawaka.

"Tafadhali, Bibi, usimwambie Baba."

"Baba yako anafanya kazi gani?"

"Anashona mapazia."

"Basi kila senti yake imepita kwenye sindano. Sitamwambia leo. Uongo umeutia wewe, uutoe wewe. Lakini Alhamisi jioni, kama hujasema, nitakuja kwenu kwa miguu yangu na magoti yangu mabovu, na nitasema mimi."

Delfina alirudi nyumbani akiwa na mzigo kifuani. Jumapili baada ya kanisa alikusudia kusema, lakini Odília alikuwa ameshaanza kugawana nyumba.

"Mimi nachukua upande wa dirisha," alisema.

"Hakuna upande wako. Kile chumba ni changu peke yangu."

"Basi nitakuja kukupiga mateke hukohuko!"

Mama yao, Natércia, alicheka hadi akaweka chini mwiko. Nani angeweza kuiharibu siku kama hiyo? Delfina akaanza kupanga sahani mezani.

Jumatatu ilikuwa mbaya zaidi. Delfina alipotoka shule alimkuta mama yake amekaa kitandani, shingo yake wazi. Mkufu wa dhahabu aliopewa na mama yake siku ya kuondoka kisiwani ulikuwa juu ya kitambaa, mapajani mwake.

"Unaupeleka wapi, Mama?"

"Alhamisi nitaupeleka kwa sonara. Fedha ya kutanguliza imepungua kidogo." Natércia aliukunja mkufu ndani ya kitambaa. "Usiniangalie hivyo. Dhahabu haizuii mvua. Nyumba inazuia."

Maneno yalimfikia Delfina kwenye ulimi, yakarudi. Aliogopa, na kila siku iliyopita ilimfanya aogope zaidi, kwa sababu sasa angelazimika kueleza si uongo tu, bali na ukimya wake pia. Ndivyo uongo ulivyo: siku ya kwanza ungeutua, siku ya tatu wewe ndiye uliyebebwa.

Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri. Theluji iliyobaki kando ya barabara iliyeyuka, na maji machafu yakashuka mtaani kwa kelele. Urbano alirudi kutoka kiwandani amelowa, lakini hakuvua koti.

"Mvua kama hii ndiyo dalali wa kweli," alisema. "Delfina, vaa viatu. Twende tukaione nyumba yetu inavyokaa."

"Baba, kichwa kinaniuma."

Mama yake alimgusa paji la uso. "Huna homa. Nenda na baba yako."

Walipanda kilima. Mlango wa kuelekea chini ulikuwa wazi, taa inawaka. Urbano alishuka mbele, na mguu wake ulipotua kwenye ngazi ya mwisho, maji yalifika juu ya kifundo. Mzee Kershaw alikuwa katikati ya chumba, suruali ameikunja hadi magotini, anachota maji kwa ndoo. Bibi Idalina alisimama juu ya kreti karibu na ukuta, ameshika taa ya mkononi. Mzee alipomwona Urbano aliinua mkono kama anayemsalimu rafiki.

"Umekuja kujionea? Ndio hivyo nilivyokwambia!"

Urbano hakuelewa hata neno moja. Aliyatazama maji, akaitazama chokaa ikibanduka ukutani vipande vipande, na uso wake ukabadilika.

"Mwambie," alisema Urbano. "Mwambie neno kwa neno, usipunguze. Mwambie yeye ni mwongo. Nilimuuliza uso kwa uso. Mwambie alitaka kula jasho langu la miaka yote na mkufu wa mke wangu. Mwambie mzee mzima hana haya!"

Mzee Kershaw aliteremsha ndoo. "Baba yako anasema nini, binti?"

Delfina alimtazama yule mzee, maji yakimdondoka kwenye mikono. Bibi Idalina aliinamisha taa, akimsubiri Delfina. Delfina aliona kwamba mtu mmoja tu humo ndani angeweza kulimaliza jambo hilo.

"Baba," alisema, na sauti ikamkatika. "Mwongo si yeye. Alikwambia maji huingia. Alikwambia mpaka habari ya boila. Ni mimi niliyesema hakuingii. Nilikitaka kile chumba cha juu."

Ndoo ilielea ikagonga ukuta. Urbano alifumba macho. Delfina alitamani apigiwe kelele, lakini baba yake hakumpigia kelele.

"Mwambie na yeye," alisema hatimaye.

Delfina akarudia yote kwa Kiingereza, akilia. Mzee Kershaw alitikisa kichwa taratibu. Ndipo Urbano akavua kofia, akapita ndani ya maji, akampa mzee mkono na kumwomba radhi kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Hakumgeukia mkalimani wake. Aliposhindwa kuendelea alimgeukia Bibi Idalina, na yeye ndiye aliyetafsiri mazungumzo yaliyobaki. Delfina aliokota ndoo, akaanza kuchota maji.

Ijumaa hawakutia sahihi. Urbano na Mzee Kershaw walipatana upya: Mzee Kershaw angenunua mabomba na pampu, na Urbano pamoja na rafiki zake wa kiwandani wangechimba mtaro kuizunguka nyumba. Mtaro ukishinda mvua za Mei, biashara ingeendelea. Kila Jumamosi Delfina alikwenda kusomba udongo kwa toroli, na kila Jumamosi palipohitajika maneno, baba yake alimwita Bibi Idalina. Viganja vya Delfina viliota malengelenge, lakini kile kilichomuuma zaidi ni kukaa pembeni akisikia baba yake akisemewa na mtu mwingine.

Mvua za Mei zilinyesha, na sakafu ikabaki kavu. Siku ya kwenda benki, Urbano alisimama mlangoni na koti lake la kanisani.

"Delfina, twende."

"Bibi Idalina je?"

"Nimekuita wewe."

Ofisa wa benki alisoma karatasi polepole. Delfina alitafsiri kila sentensi, na mahali asipoelewa aliomba arudiwe, hata kama ofisa alitazama saa. Kisha ofisa akavua miwani.

"Mwambie baba yako kuna sharti moja. Kwa mkopo huu, mwaka wa kwanza tunahitaji kodi ya orofa zote tatu. Familia yenu haitahamia mwaka huu. Ile ya juu nayo ipangishwe."

Hakuna mwingine chumbani aliyejua lugha zote mbili. Aliinua kichwa, akamtazama baba yake usoni, akamwambia yote: kodi ya orofa tatu, wasihamie, ya juu ipangishwe. Hakupunguza wala hakuongeza.

Urbano hakuitazama karatasi. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha akachukua kalamu akatia sahihi.

Nje ya benki alikaa kwenye ngazi za mawe, akagonga jiwe kando yake kumwonyesha akae.

"Sikiliza, mwanangu, maana iko siku na wewe utanunua nyumba. Ukinunua nyumba mbovu huku unajua ni mbovu, hujapotea. Utachimba mtaro, nayo itakauka. Lakini ukinunua uongo, hujui hata uanze kuchimba wapi. Mimi huku ugenini sina masikio mengine ila yako. Ukinidanganya, nimekuwa kiziwi kabisa."

"Nisamehe, Baba."

"Nilikusamehe siku ile ulipookota ndoo. Ila kusamehe ni jambo moja, na kuamini ni jingine. Kuamini kumengoja mpaka leo, kwa sababu leo ukweli umekunyima kitu na bado umeusema."

Aliinuka, akavaa kofia.

"Haya, mkalimani wangu, vijana wa orofa ya pili wana malalamiko. Twende ukaniambie wanachosema, hata kama wananitukana."