Jina Ambalo Sikuliandika

Nina miaka thelathini na mitatu, ni mhandisi, na nyumbani ni Kapkatet. Ukinikuta njiani utaniamkia kwa heshima. Laiti ungejua!

Nilipomaliza digrii ya kwanza niliajiriwa katika kiwanda cha chai upande wa Kericho. Huko nilimkuta Mzee Odhiambo, fundi aliyetoka upande wa ziwa akiwa kijana. Kazi yake ilikuwa kwenye vitanda vya kunyaushia majani. Alikuwa akifinya konzi ya majani, anafungua mkono, anatazama yanavyokunjuka, kisha anakuambia ni maji kiasi gani yamebaki. Tulipopima kwa mashine, hakukosea sana. Na kila alichofinya alikiandika kwenye daftari, miaka kumi na miwili!

Nikataka digrii ya pili. Vyuo vilitaka wazo la utafiti na vipimo, nami sikuwa na chochote... Nikamwomba mzee daftari lake. Alinipa siku hiyo hiyo, akaniomba jambo moja tu: nisisahau kumtaja.

Nikaomba nafasi vyuo viwili, na majibu yakaja katika wiki moja. Profesa wa Nairobi, niliyemweleza habari za mzee, aliandika kwamba tungefanyia utafiti palepale kiwandani, na jina la fundi aliyepima liwe pamoja na langu. Chuo cha Ulaya nacho kilitaka nitie sahihi kwamba vipimo vyote nilivichukua mimi mwenyewe.

Nilimwonyesha mzee barua ya Nairobi peke yake. Alifurahi, akasema, "Injinia, chukua hiyo. Mimi nitafinya, wewe utaandika."

Lakini Nairobi kila mtu amefika! Nilitaka kijiji kizima kiseme mtoto wetu amepanda ndege. Basi nikatia sahihi fomu ya Ulaya. Mzee nilimwambia tu kwamba Ulaya wameniita, nimejaza fomu yao, na kwamba huko jina lake litasomwa na watu wengi zaidi. Aliamini.

Siku ya kuniaga, mama alitoa mursik, maziwa yetu ya mgando, ya kibuyu chake kizuri, wazee wakanibariki. Mzee Odhiambo alikuja na daftari la pili, la misimu ya mvua, zawadi yangu ya safari. Nikiwa na kikombe mkononi akaniuliza, "Kwa ile fomu, uliandika jina yangu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee."

Kisha nikanywa. Kwetu maziwa yale ni baraka, nami niliyanywa juu ya uongo!

Ulaya mambo yakanigeukia. Profesa wa huko aliuliza majani yalipimwaje wakati wa ukungu. Aliuliza kwa nini vipimo vya asubuhi vinatofautiana. Ningejuaje, wakati sikuwahi kukesha kwenye vitanda vile? Nikawa namwandikia mzee nikimuuliza. Alijibu kila barua, kurasa nne, tano, kwa mwandiko wake wa kulala. Na kila barua iliishia hivi: salimia profesa, mwambie mimi ndiye Odhiambo.

Sikumsalimia hata mara moja... Ningemwambia salamu zimetoka kwa nani?

Nilirudi na kitabu changu cha utafiti kimejalidiwa vizuri, jina langu kwa herufi za dhahabu. Kiwandani nikaambiwa mzee amefariki, maziko ni Jumamosi nyumbani kwao karibu na ziwa. Tena nikaambiwa familia inaniomba nije na kitabu. Nilitaka kukimbia! Lakini ningeacha kwenda kumzika mtu aliyenifikisha hapo?

Watu walikuwa wengi. Binti yake Akinyi, mwalimu wa shule ya msingi, alinishika mkono mbele ya jeneza.

"Baba alisema jina lake iko ndani ya kitabu yako," akasema. "Nionyeshe hiyo ukurasa, niwasomee watu."

Nilimpa kitabu. Alitafuta kwenye ukurasa wa shukrani, ambapo nilimshukuru Mungu, chuo, na hata mpishi wa bweni. Akarudi mwanzo, akatafuta tena polepole, watu wakisubiri. Kisha akakifunga, akanirudishia, akawaambia waombolezaji kwamba kitabu kimeandikwa Kiingereza kigumu, hawezi kukisoma. Mwalimu yule! Alinifichia aibu yangu ili baba yake asizikwe kama mtu aliyedanganywa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilifika Ulaya na kurudi, lakini iliishia palepale kaburini.

Nimekiandikia chuo kukiri, na sijui watanifanya nini. Digrii wakiichukua, waichukue. Madaftari yote mawili nimempelekea Akinyi. Aliyapokea bila kunikaribisha ndani.

Ndugu yangu unayejaza fomu za chuo leo, chagua chuo ambacho hakitakulazimisha kumfuta mtu. Mtaje aliyekufundisha angali hai, ajionee jina lake kwa macho yake. Mzee Odhiambo aliniuliza mara moja tu, na ningeweza kumjibu ukweli.