Kikohozi Ndani ya Kikapu

Asubuhi ya Julai, huko Kianjokoma, ukungu hushuka kutoka msituni na kulala juu ya mashamba ya chai. Wachumaji hawaonekani vizuri. Husikika tu. Vidole vinachuma, majani yanaanguka kikapuni, na watu wanapiga domo.

Maneno mengi yalikuwa ya Mugendi. Shamba lake lilipakana na la Muriuki.

"Muriuki, siku hizi umekuwa bubu?" aliuliza kutoka upande wa pili wa mpaka. "Zamani ulikuwa ukituimbia. Ulinitungia hata wimbo, eti nachuma chai kama kuku anayedonoa."

"Leo kuna baridi," Muriuki alijibu.

"Baridi ilikuwapo hata wakati wa babu zetu. Nao waliimba."

Kikohozi kilikuwa kimempanda Muriuki kifuani. Alishusha kikapu kutoka mgongoni, akainama, akaingiza kichwa chote ndani kama mtu anayechambua majani mabovu. Humo ndimo alimokohoa. Majani yalimeza sauti. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika.

Mke wake, Veronicah, alikuwa mstari wa pili. Aliyaona yale mabega. Hakusema neno. Ndivyo walivyokubaliana.

Muriuki hakuzaliwa mwoga. Mwaka wa korona alikohoa kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, watu wakiwa foleni. Foleni ikavunjika. Mtu akapiga simu. Gari likaja na watu waliojifunika nguo nyeupe hadi machoni. Walimchukua mbele ya kila mtu, wakampeleka karantini. Alipopimwa, hakuwa na korona. Lakini nani alitaka kujua? Aliporudi, hakuna aliyenunua maziwa yao. Kanisani, benchi lao lilibaki na watu wawili tu, yeye na Veronicah.

Korona ilipopungua, tabia ilizoleta zilibaki. Wengi walibaki na tabia njema ya kunawa mikono. Muriuki alibaki na nyingine. Alikuwa amejifunza kuficha kikohozi.

Kikohozi hiki kilianza mwezi wa tano. Sasa mashati yake yalikuwa yamelegea mabegani. Kila asubuhi Veronicah alianika shuka lililolowa jasho, ilhali nje baridi ilikuwa ya kutetemesha meno.

Hawakukaa bure. Walifanya waliyoyakumbuka kutoka siku za korona. Muriuki alitengewa kikombe chake cha bluu, sahani yake na kijiko chake. Veronicah aliviosha kando, kwa maji ya moto. Na kwa sababu ya baridi, waliziba dirisha la chumba cha kulala kwa gunia la mbolea. Walilala humo wote watatu. Binti yao Njoki, mtoto wa miaka minne, alilala katikati.

"Asiguse tu kikombe chako," Veronicah alisema. "Asipogusa, hataambukizwa."

Kisha Njoki akaanza kukohoa.

"Baba Njoki, twende kituo cha afya," Veronicah alimwambia mumewe wakila chakula cha mchana.

"Twende, halafu? Waje na lile gari? Safari hii watakuchukua wewe na mtoto pia."

"Na mtoto akizidiwa?"

"Ni mafua ya baridi. Mpe tangawizi."

Veronicah aliitazama tangawizi. Muriuki alikuwa ameitafuna tangu mwezi wa tano. Ilikuwa imemsaidia nini?

Mchana huohuo, sauti ikaita uani. "Hodi, wenyewe. Ni Igoki."

Igoki alikuwa mhudumu wa afya wa jamii katika kijiji chao. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwa na mkoba wake na simu ya kuandikia habari za familia. Muriuki alimfahamu vizuri. Aliinuka upesi, akaingia chumbani na kuvuta pazia. Kabla halijafungika, alimwonyesha mkewe kidole mdomoni, anyamaze.

Igoki alinawa mikono kwenye mtungi uliokuwa mlangoni, akaketi. Njoki alikohoa.

"Huyu ameanza lini?"

"Juzi juzi," Veronicah alijibu.

"Kuna mtu mzima anayekohoa humu nyumbani?"

Veronicah alitazama pazia. Halikutikisika.

"Hakuna."

"Haya. Basi nipe chai, Mama Njoki. Nimepanda mlima huu na magoti yananilaani."

Chupa ya chai ilikuwa mezani. Igoki alinyoosha mkono kuchukua kikombe kilichokuwa karibu naye. Kilikuwa cha bluu. Veronicah aliruka, akakinyakua.

"Si hicho."

Igoki alimtazama. Kisha akatazama rafu, ambako sahani moja na kijiko kimoja vilikaa mbali na vingine.

"Kina nini hiki?" aliuliza polepole.

Veronicah alikishika kikombe kwa mikono miwili. Akifungua mdomo, atavunja ahadi aliyompa mumewe. Akinyamaza, Njoki atazidi kukohoa. Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya mtu anayejikaba. Ilikuja ya pili. Ya tatu ikapasuka.

"Toka, Baba Njoki," Igoki alisema. "Utavunja mbavu bure."

Muriuki alitoka. Macho yalikuwa mekundu, ya kikohozi na ya hasira.

"Ukiandika jina langu kwenye hiyo simu, usirudi tena hapa. Sitabebwa kama mwizi mara ya pili."

"Simu nimeiweka chini. Nijibu tu. Unatoka jasho usiku?"

Muriuki aligeuza uso.

"Anatoka," Veronicah alisema. "Na amekonda."

"Mama Njoki!" Muriuki alifoka.

"Amekonda, Igoki. Anakohoa tangu mwezi wa tano. Lakini nimemlinda mtoto. Kikombe chake hakiguswi na mtu."

Igoki aliinuka, akaenda moja kwa moja chumbani. Wakamfuata. Alishika lile gunia la mbolea na kulichomoa dirishani. Upepo wa baridi ukaingia.

"Kikombe hakina kosa," alisema. "Mnatenga kikombe, halafu mnalala watatu mkivuta hewa moja iliyofungiwa. Kikohozi kinachozidi wiki mbili, jasho usiku, kukonda, inawezekana ni TB, kifua kikuu. TB haipiti kwenye kijiko wala kwenye kusalimiana kwa mkono. Inapita hewani, mtu anapokohoa. Hewa ikifungiwa, inabaki. Dirisha likiwa wazi, upepo unaitoa."

Veronicah alitazama kitanda. Alitazama pale katikati, mahali pa Njoki.

"Tulifanya kama wakati wa korona," alisema.

"Wakati wa korona pia tuliambiwa tufungue madirisha. Hilo tulilisahau mapema, kwa sababu ya baridi."

"Na nikipatikana nayo?" Muriuki aliuliza. "Watakuja na gari?"

"Gari la nini? Utaenda kwa miguu yako. Utatoa makohozi kwenye kikopo, yapimwe. Ikiwa ni TB, utapewa dawa, bila malipo, na urudi kulala kwako. Utavaa maski siku za mwanzo. Ukizimeza kila siku, baada ya wiki chache huambukizi tena. Lakini utamaliza miezi sita yote, hata ukijisikia una nguvu za ng'ombe. Ukiacha katikati, itarudi ikiwa kali zaidi. Na mtoto apimwe. Hao wadogo inawashika upesi."

"Watu watatukimbia."

"Watu wanakohoa, Baba Njoki. Umewahi kuwasikia? Hapana. Kila mmoja amejifunza kukohoa anakojua mwenyewe."

Muriuki alitazama chini. Kisha akasema, "Nitafikiria."

Veronicah aliweka kikombe cha bluu mikononi mwake.

"Fikiria," alimwambia. "Mimi na Njoki tunaenda kesho kutwa, Jumatatu, kukipambazuka. Wewe baki na kikombe chako."

Jumatatu, ukungu ulikuwa mzito. Veronicah alimfunga Njoki mgongoni, akashika njia. Hakugeuka nyuma. Alipofika penye daraja la miti, alisikia kikohozi nyuma yake. Hakikuwa ndani ya kikapu. Kilikuwa wazi, cha mtu mzima, njiani. Alisimama, akamngoja.

Majibu yalitoka. Muriuki alikuwa na TB. Veronicah hakuwa nayo. Njoki alikuwa na mafua tu, lakini alipewa dawa ya kumkinga, kwa kuwa alilala chumba kimoja na mgonjwa. Hakuna gari lililokuja.

Mwezi wa tatu wa dawa ulikuwa mgumu. Muriuki alikuwa amenenepa, akasema amepona, vidonge vya nini tena? Veronicah hakubishana. Alimwekea kidonge, maji na kikombe cha bluu mezani, akasimama pale hadi akameza. Kikombe hicho sasa kila mtu alikinywea.

Januari ilileta jua. Muriuki alimaliza dawa, akapimwa, akaambiwa amepona. Kesho yake, shambani, wachumaji walisikia sauti waliyoisahau.

*Kikombe nilikitenga,*
*dirisha nikalifunga,*
*ugonjwa ukajipanga.*
*Karibu upepo, mwanga.*

"Ni ugonjwa gani huo?" mwanamke mmoja aliuliza.

"TB," Muriuki alijibu kwa sauti. "Nilikuwa nayo. Nimemeza dawa, imekwisha."

Vidole vilisimama kwenye majani. Muriuki alingoja waondoke, kama siku ile ya foleni. Hakuna aliyeondoka. Mwanamke yule alisema, "Basi umepona sauti pia," na watu wakacheka, wakaendelea kuchuma.

Mugendi peke yake hakucheka. Muriuki alitazama ng'ambo ya mpaka kumtafuta. Rafiki yake alikuwa ameinama, kichwa chote ndani ya kikapu, kama mtu anayechambua majani mabovu. Mabega yalikuwa yakitikisika.

Muriuki aliweka kikapu chake chini. Akavuka mpaka, akamshika bega.

"Toka humo, Mugendi."

Mugendi aliinua uso uliolowa jasho. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Wataleta gari?"

"Hapana," Muriuki alisema. "Tutaenda kwa miguu. Njia naijua."